Programu ya wote isiyo na mlinzi ni mlango wa mwizi

Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2024, wakati waumini wengi wa Kongo walikuwa katika njia ya msalaba, mkaaji mmoja wa San Francisco, Marekani, alituma ujumbe uliowashtua mafundi wa kompyuta dunia nzima. Jina lake ni Andres Freund. Kazi yake si upelelezi wala ulinzi. Yeye huandika programu, na ni mwajiriwa wa kampuni ya Microsoft. Siku hizo alikuwa akipima kazi yake nyingine kabisa, akaona jambo dogo: kuingia katika kompyuta kwa njia ya mbali kulichelewa karibu nusu sekunde kuliko kawaida.

Nusu sekunde ni muda wa kupepesa macho tu. Wengi wangeiacha ipite. Freund aliifuata hatua kwa hatua, mpaka akakuta kwamba mtu ameficha mlango wa siri ndani ya chombo kidogo cha programu kinachoitwa XZ, kinachotumiwa katika kompyuta nyingi zenye mfumo wa Linux. Kama mlango ule ungepata muda wa kusambaa, mwenye ufunguo wake angeweza kuingia katika kompyuta za watu wengine kwa mbali na kuziamuru afanyavyo, bila kuulizwa neno la siri.

Familia iliyokimbia vita na kulala chini ya hema, ikingoja mgao wa unga, inaweza kuuliza habari hiyo inaihusu nini. Inaihusu sana. Majina yake yamo ndani ya kompyuta. Alama za vidole vyake zimo ndani ya kompyuta. Franga inazotumiwa na ndugu wa Lubumbashi au wa Kampala zinapita ndani ya kompyuta. Kompyuta hizo zikiwa na mlango wa siri, yule aliyekimbia kwa kuhofia maisha yake anaweza kupatikana tena bila mtu yeyote kumfuata kwa miguu.

Kwa hiyo swali la nani analinda programu halipaswi kuachiwa mafundi wa Ulaya na Marekani peke yao. Mtu asiyeshika kompyuta hata siku moja ana haki ya kuliuliza.

Bomba la wote na kamati yake

Linux ni mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa na kuzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Ufini. Hakuifungia kabatini. Aliyaweka maandishi yake ya ndani, ambayo mafundi huyaita msimbo, mahali pa wazi ili kila mtu ayasome, ayarekebishe na ayagawe. Ndiyo maana inaitwa programu huria. Leo sehemu kubwa ya seva za intaneti, zile kompyuta zinazotunza na kugawa data, zinatumia Linux.

Nayo simu? Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Hiyo ni kusema mama anayeuza makala sokoni, motari anayengoja abiria na kijana anayesikiliza redio kwa simu yenye kioo kilichopasuka, wote wanatembea na kazi ya Torvalds na wenzake mfukoni, hata kama jina hilo hawajalisikia.

Programu huria inafanana na bomba la maji la mtaa. Maji ni ya wote. Anayefika na bidoni anachota. Lakini kila mtu aliyeishi kambini anajua kwamba bomba la wote haliishi kwa sababu ni la wote. Linaishi kwa sababu kuna kamati: kuna anayefunga koki usiku, anayetia dawa katika tangi, anayekagua bomba likipasuka. Kamati ikichoka, bomba bado ni la wote, lakini sasa linawapa wote kipindupindu.

Wako wanaosema dawa ni kuficha: programu ikiwa wazi, mwizi naye anaisoma. Ni kweli, anaisoma. Lakini kuficha peke yake hakujamwokoa mtu. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika kompyuta za Windows, mfumo ambao msimbo wake umefichwa na kampuni, katika nchi nyingi kwa siku chache. Uingereza hospitali zilisukuma mbele miadi ya wagonjwa. Dawa ya kasoro ile ilikuwa imetolewa na kampuni tangu Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi hazikuwa zimeipokea. Kwa hiyo mlango ulio wazi na mlango uliofichwa vyote vinahitaji mtu wa kuukagua. Tofauti ni kwamba mlango wa wazi unaweza kukaguliwa na yeyote, kama yule mtu aliyeishughulikia nusu sekunde yake. Hiyo ndiyo faida ya programu huria, na faida hiyo haijitokezi yenyewe.

Mgeni mwenye subira

Kisa cha XZ kinafaa kusimuliwa polepole, kwa sababu kila aliyeishi kambini ataitambua sura yake.

XZ ni chombo cha kukunja mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Ni kazi isiyo na sifa. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Ufini, Lasse Collin, bila mshahara, katika muda wake wa mapumziko. Makampuni makubwa yalikitumia chombo chake bila kujua hata jina lake.

Mwishoni mwa mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan. Alileta marekebisho madogo, mazuri. Akaleta mengine. Hakudai kitu. Mwaka 2022 yakaanza kuja malalamiko kutoka kwa watu wengine wasiojulikana: kwamba mambo yanakwenda polepole, kwamba mtunzaji amezembea, kwamba afadhali aongeze mtu au amwachie mwingine. Collin alieleza waziwazi kwamba alikuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba kazi ile ni ya kujitolea. Malalamiko hayakukoma. Na pembeni alikuwepo yule kijana mwema, mchapakazi, asiyekosa siku.

Mambo haya yanajulikana kambini. Anakuja mtu asiyejulikana kijiji chake. Anabeba bidoni za wazee. Anaandika orodha za mgao kwa mwandiko mzuri. Baada ya miezi, sauti zinaanza kusikika kwenye foleni: rais wa kambi amechoka, orodha zinachelewa, si apewe huyu kijana? Hakuna anayeuliza sauti hizo zinatoka wapi. Siku anapokabidhiwa orodha, kazi yake ya kweli ndipo inaanza.

Kufikia mwaka 2023, Jia Tan alikuwa na mamlaka ya kutoa matoleo mapya ya XZ. Mwezi Februari 2024 akatoa toleo lenye mlango wa siri ndani yake, na mwezi Machi akatoa lingine. Alikuwa amengoja zaidi ya miaka miwili. Mpaka leo haijathibitishwa hadharani yeye ni nani, ni mtu mmoja au kundi, wala anatoka nchi gani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ilikuwa imeshonwa na mwizi mwenyewe.

Wengi wakisimulia kisa hiki humlaumu Collin. Hilo ni kosa. Yeye alikuwa mlinzi mmoja, mgonjwa, asiyelipwa, aliyeachwa na kijiji chote zamu ya usiku. Mlinzi wa namna hiyo akimkabidhi mtu mwema tochi yake ili apumzike kidogo, lawama ni ya kijiji. Waliokula matunda ya kazi yake, wakiwemo wenye mabilioni ya dola, ndio waliopaswa kumpa mwenzake wa zamu. Tena, baada ya kashfa, ni Collin huyo huyo aliyerudi kusafisha, na mwezi Mei 2024 akatoa toleo lililo safi.

Mdomo wa gunia na ndani yake

Kuna jambo la pili katika kisa hiki ambalo wapenzi wa programu huria hawapendi kulisikia. Wanasema: msimbo uko wazi, kila mtu anaona. Lakini Jia Tan alijua watu wanatazama wapi, na hawatazami wapi.

Programu huria ina sura mbili. Kuna mahali pa wazi ambapo mafundi huandika na kusoma msimbo kila siku. Halafu kuna kifurushi kinachofungwa kutokana na msimbo ule na kupelekwa kwa watumiaji. Wanaokagua hukagua pale pa kwanza. Sehemu ya mlango wa siri ilikuwa pale pia, lakini imejificha ndani ya mafaili ya majaribio, yaliyoonekana kama takataka zisizosomeka. Amri ya kuuamsha haikuwekwa pale. Iliwekwa ndani ya kifurushi tu.

Mwanamke yeyote anayenunua unga wa mihogo kwa jumla anaijua hila hiyo. Mdomo wa gunia una unga mweupe. Ukimwaga chini unakuta mchanga. Ndiyo sababu anayejua biashara hasukumi mkono juujuu, anautia mpaka katikati.

Jambo la tatu ni kwamba XZ haikuwa mlango mkuu. Mlango mkuu ni programu ya kuingia kwa mbali, ambayo inalindwa sana na watu makini. Lakini baadhi ya wanaosambaza Linux walikuwa wameiunganisha na kipande kingine, na kipande hicho kilikuwa kimeivuta XZ nyuma yake. Mlango ulikuwa wa chuma, bawaba ililetwa na fundi ambaye hakuna aliyemuuliza anakaa wapi.

Matoleo yale yaliingia katika Debian na Fedora, lakini katika matawi ya majaribio, siyo katika tawi tulivu linalotumiwa na wengi. Yaliondolewa mara tu ujumbe wa Ijumaa Kuu ulipotoka. Kasoro hiyo ilipewa alama 10 kwa 10 katika kipimo cha hatari. Hakuna mpango uliokuwa umeandaliwa ambao uliwaokoa watu siku ile. Aliyewaokoa ni mtu mmoja asiyependa kuona kitu kikichelewa bila sababu. Bahati ya namna hiyo haiwezi kuwa ndiyo ulinzi wa dunia.

Macho mengi yanaweza kulala pamoja

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu huria inayoficha siri za mawasiliano ya intaneti: maneno ya siri, namba za benki, barua. Kasoro hiyo haikutegwa na adui. Lilikuwa kosa la kuandika, la kibinadamu, na lilikuwa limekaa wazi mbele ya kila mtu kwa miaka miwili. Msimbo ulikuwa wa kusomwa na yeyote, na karibu hakuna aliyeusoma.

Ilipochunguzwa, watu wakashangaa. Programu iliyolinda sehemu kubwa ya biashara ya dunia ilikuwa ikipata michango ya karibu dola 2,000 tu kwa mwaka. Baada ya aibu hiyo makampuni makubwa yalikubali kuchangia mfuko uliosimamiwa na Linux Foundation kwa ajili ya programu za namna hiyo. Walichangia baada ya nyumba kuungua. Miaka kumi baadaye XZ ilionyesha kwamba bado kuna nyumba nyingi zisizo na mlinzi.

Hapa ndipo usemi wa wingi wa macho unapokwama. Macho elfu yanayodhani kwamba jicho lingine linatazama ni sawa na kipofu. Katika doria ya usiku, watu ishirini wasio na zamu hulala wote. Watu watatu wenye zamu hukesha.

Majina ya waliopoteana

Kwa familia zilizotawanyika, mfano mzito kuliko yote si wa Linux, lakini unafundisha jambo lile lile. Tarehe 18 Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wavamizi wameingia katika seva zake. Data za watu zaidi ya 515,000 ziliguswa, zilizokusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu ulimwenguni. Walikuwa watu gani? Wengi ni waliopoteana na ndugu zao kwa sababu ya vita, uhamiaji na maafa, watu waliopotea na jamaa wanaowatafuta, na wafungwa. Ni ile kazi ya kuunganisha familia, ambayo mashariki mwa Kongo inajulikana sana na mama waliopotezana na watoto njiani siku ya kukimbia.

Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021. Walikaa ndani siku 70. Waliingia kupitia kasoro iliyokuwa imejulikana na kutangazwa, katika programu ya kampuni moja. Dawa ilikuwepo. Kamati yenyewe ilikubali hadharani kwamba dawa hiyo haikutiwa kwa wakati. Kukubali huko ni heshima, na mashirika mengine yangefaa kuiga. Lakini mama aliyetoa jina la mtoto wake kwa kuamini bendera iliyoko juu ya hema hakuambiwa siku ile kwamba jina linategemea pia mtu fulani, mahali fulani, kutia dawa kabla ya mwizi kufika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kompyuta, usipoziba ufa, wanaolipa ni watu wa ukuta mwingine kabisa.

Kwa sababu hiyo, shirika lolote linalokuja kambini na mashine ya kupima vidole linapaswa kuulizwa maswali matatu, na rais wa kambi na kamati ya wanawake wana haki ya kuyauliza kabla ya kupokea jetoni: Data hizi zinakaa wapi? Nani anakagua kompyuta hizo na mara ngapi? Zikiibiwa, nani atawaambia wenye majina, na kwa lugha gani? Anayejibu kwa hasira hajajibu. Kuuliza si kukataa msaada. Ni kumkumbusha anayesaidia kwamba orodha ya waliokimbia ni kitu cha kulindwa sawa na ghala la chakula, tena zaidi, kwa sababu unga ukiibiwa huletwa mwingine, lakini jina likiibiwa halibadilishwi.

Kompyuta za msaada zisizo na mlezi

Lawama nyingine inabaki hapa hapa nyumbani. Kila mtu aliyefanya kazi katika redio ya jamii, shule au shirika la raia anaijua sherehe ya kompyuta za msaada. Zinaletwa, picha inapigwa, hotuba inasomwa, mradi unakwisha. Baada ya miaka mitatu kompyuta zinatumia Windows ya kuiba iliyotiwa na kijana wa mtaa, hazijapokea marekebisho tangu siku ile, na kila kiflashi kinachoingia kinatoka na virusi. Sauti za mashahidi zilizorekodiwa zinakaa humo humo. Majina ya waliopigwa, ya waliobakwa, ya waliotoa siri.

Linux kama Ubuntu, ambayo ilianza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na ambayo jina lake ni lile lile neno la utu, inaweza kutiwa katika kompyuta hizo bila kununua leseni na bila kuiba. Matoleo yake ya muda mrefu hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka mitano. Debian nayo inatoa tawi tulivu ambalo halikimbilii kila kipya, bali linapokea dawa za kasoro tu. Katika kisa cha XZ, waliokuwa kwenye tawi tulivu hawakuguswa. Hiyo ni kusema kusasisha programu si kukimbilia kila toleo lililotoka jana. Ni kupokea dawa zilizokaguliwa, kwa wakati.

Wapo watakaosema mega ni ghali na umeme haupo. Ni kweli. Lakini njia ipo: kompyuta moja ya redio au ya shule inaweza kupakua marekebisho mara moja usiku, na nyingine zote zikayachota kwake bila kulipa mega tena. Hata yakibebwa kwa kiflashi mpaka kijiji kisicho na mtandao, ghala la Debian au Ubuntu lina muhuri ambao kompyuta huukagua yenyewe. Likiguswa njiani, muhuri unakataa. Sharti ni kulibeba ghala lenye muhuri wake, siyo kuokota faili moja moja kwa rafiki na kuilazimisha iingie. Vijana waliomaliza masomo ya kompyuta na kukaa bila kazi wanaweza kufanya kazi hiyo. Kinachokosekana ni anayekubali kuwalipa. Mfadhili anayenunua kompyuta kumi na kukataa kumlipa mlezi wa kompyuta hizo ameleta ng'ombe kumi bila mchungaji.

Simu iliyo mkononi

Kwa mwenye simu tu, kazi ni ndogo, lakini ipo. Mlango wa siri wa XZ haukulengwa kwenye simu. Hata hivyo simu ina nyufa zake, na zinazibwa kwa njia ile ile.

Kwanza, aangalie simu yake ilipata dawa lini. Katika simu nyingi zenye maandishi ya Kifaransa ni kufungua Paramètres, halafu À propos du téléphone, na kutafuta tarehe ya mise à jour de sécurité. Tarehe ikiwa ya miaka mitatu nyuma, simu hiyo ni nyumba yenye ukuta uliobomoka. Inaweza kutumika kwa redio na salamu, lakini haifai kuwa mahali pa kuwekea pesa nyingi au picha za nyaraka zote za familia. Simu nyingi za bei ndogo huachwa na watengenezaji wake baada ya miaka michache. Hilo si kosa la aliyenunua, na wauzaji wangelazimishwa kusema ukweli huo dukani kabla ya kupokea dola zake.

Pili, programu za kupokezana kutoka simu hadi simu, au zilizotiwa na fundi kwa kadi yake ya memori, zinakosa ukaguzi wa ghala. Pamoja nazo ni zile WhatsApp za GB zinazoahidi kuona ujumbe uliofutwa. Anayezitia anampa asiyemjua ruhusa ya kusoma barua zake. Ni kukubali gunia kwa kuutazama mdomo wake tu.

Tatu, kitu kikianza kuchelewa, kula umeme haraka au kuuliza namba ya siri mahali kisipokuwa kinauliza, asinyamaze. Aulize fundi anayemwamini, auambie ukoo, awaambie jirani. Andres Freund hakujua kwamba alikuwa ameshika mlango wa mwizi. Alijua tu kwamba kitu hakiko kama kawaida, na akaona hana haki ya kukipuuza.

Programu huria ni moja ya zawadi kubwa ambazo watu wa kawaida wamepeana katika miaka hii, nayo imefika mpaka katika hema la mkimbizi bila kuombwa hati. Lakini zawadi ya wote bila zamu ya kuilinda huishia mikononi mwa mwenye subira mbaya. Makampuni yaliyotajirika juu yake yalipe walinzi. Mashirika yanayobeba majina ya wanyonge yatie dawa kwa wakati na yajibu yanapoulizwa. Vijana wa Goma, Bukavu, Beni na Bunia wajifunze kuitunza badala ya kuitumia tu. Na kila kamati, iwe ya maji au ya programu, ikumbuke kumuuliza mlinzi wake wa zamani swali ambalo hakuna aliyemuuliza Lasse Collin mapema: ndugu, umechoka? Nani atakesha nawe leo?